Kinanda cha Nne

Alinawa mikono mara tatu, akavua pete ya ndoa, akazima simu. Akatandika shuka jeupe mezani, akazipanga rezista, vile vipande vidogo vya umeme, kwa rangi zake kama mtu anayetunga shanga. Kisha akachungulia chumbani, jikoni na bafuni. Hakukuwa na mtu. Ndipo akachomeka chuma cha kulehemu.

Hiki kilikuwa kinanda cha nne. Vinanda hivi vya umeme huuzwa vikiwa vipande ndani ya boksi, ukaviunganisha mwenyewe nyumbani. Kwa fundi kama yeye, aliyetengeneza redio miaka thelathini, ilipaswa kuwa kazi ya kuchezea tu baada ya kustaafu. Lakini vitatu vya mwanzo vilimgomea. Taa ziliwaka, sauti hazikutoka. Alivipima waya kwa waya, asione kosa, akavisukumia uvunguni pamoja na aibu yake.

Cha kwanza alisingizia kiwanda. Cha pili alilaumu haraka yake, na hapo kunawa mikono kukaanza. Cha tatu, mkewe alipita na ufagio karibu na meza kabla ya kwenda kazini, na fundi akaamua kwamba mkosi uliingilia hapo. Tangu siku hiyo hakugusa waya mpaka nyumba iwe tupu.

"Mzee wangu, twende ukaonwe na daktari," mkewe alimwambia asubuhi ya siku hii ya kinanda cha nne, mkoba begani.

"Nini?"

Mkewe akasogea, akarudia maneno usoni pake.

"Kwani mimi mwendawazimu?"

"Jamani, nani kasema wazimu? Mimi naona tu..."

"Mtu akinawa mikono yake keshakuwa mgonjwa! Na wewe siku hizi unaninong'oneza tu, kama kuna mtoto kalala. Nenda, utachelewa."

Mkewe akaupandisha mkoba begani. Akatoka.

Ilipofika saa nane mchana alilehemu waya wa mwisho. Akachomeka spika kubwa aliyoiazima, asipate tena kisingizio. Akavuta pumzi saba, akawasha.

Taa nyekundu ikawaka. Akabonyeza kibonye kimoja.

Kimya.

Akazungusha kitufe cha sauti mpaka nusu. Kimya. Machozi yakamlengalenga. Mikono hii, iliyofufua redio za mtaa mzima, leo imeshindwa na boksi la kuchezea!

Akazungusha kitufe mpaka mwisho, akavibandika vidole vyote kumi kwenye vibonye kwa hasira, asiviondoe. Meza ikatetemeka chini ya mikono yake. Alidhani ni yeye anayetetemeka.

Kivuli kikapita juu ya shuka. Akageuka.

Mkewe, aliyeomba ruhusa ya kutoka kazini mapema, alikuwa amesimama mlangoni, viganja vimeziba masikio. Nyuma yake, kwenye ngazi, majirani watano nao walikuwa wameziba yao.