Kinyumenyume

Mota ililia tena, kiii, kama panya aliyebanwa mlangoni, na kamera ikainamisha pua chini.

"Huyo anakufa," akasema Dada wa Taa. "Mimi siyo daktari, lakini huyo anakufa."

"Hafi," akajibu Kinyumenyume. "Ana njaa ya uzito tu. Vinavyolia nimeshavibembeleza vingi."

Jina lake halisi pale studio hakuna aliyelikumbuka. Kazi yake ilikuwa kuvaa ile fulana ya mikanda, yenye mkono wa chuma na springi, na mwisho wa mkono ndiyo stabilaiza yenyewe, lile dude la kuituliza kamera isiyumbe. Halafu anatembea mbele ya watu huku amewatazama. Wao wanakuja mbele, yeye anarudi nyuma. Miaka ishirini na kitu anarudi nyuma tu. Hata kaa angempa shikamoo.

Mgongo ulishachoka zamani, na goti la kushoto lilikuwa na maneno yake. Lakini picha zake, bwana wee! Ungesema kamera inaelea juu ya maji.

Asubuhi bosi wa studio alimpa onyo. "Harusi hii umeililia mwenyewe, mtu mzima wewe, umeacha kazi nyingine tatu kwa ajili yake. Sawa. Ila mota ikizima sitaki ubishi. Kamera kwenye miguu mitatu, kule nyuma ya ukumbi, na wewe ukae nayo hukohuko."

Nyuma ya ukumbi! Kule mtu anaona visogo vya wageni, basi. Kinyumenyume hakuja kutazama visogo. Alitaka ile safari moja, mlangoni mpaka jukwaani, uso kwa uso na bi harusi. Hatua arobaini. Alishazihesabu mara mbili, viti vikiwa bado vinapangwa.

Akapapasa mfukoni, akatoa ufunguo wa zamani, mkubwa, mzito, akaubandika kwa utepe nyuma ya kamera. Kamera ikainua pua. Mota ikanyamaza.

"Ufunguo wa wapi huo?" Dada wa Taa akauliza.

"Haufungui kitu. Kitasa kilishabadilishwa."

"Sasa unatembea nao wa nini?"

"Si unaona una kazi?"

Mama wa bi harusi akapita, marashi yametangulia. Akasimama mbele ya Kinyumenyume, macho ameyapeleka kwenye maua ya mezani, akasema polepole, "Fundi, tulikubaliana. Kazi, basi."

"Kazi, basi, mama."

Alipokwenda, Dada wa Taa akasonya. "Ndiyo nini sasa? Anaogopa tutammalizia soda? Wenye harusi wengine bwana, ukipumua tu wanaona umekula keki!"

"Dada, shika mkanda."

Maana taa zikishawaka, kazi ya huyu dada ilikuwa hiyo: kumshika mkanda kwa nyuma na kumwongoza, asije akajigonga kwenye meza. Anayerudi nyuma hana macho ya njia. Macho yake yote yako kwa anayekuja.

Mlango ukafunguliwa. Bi harusi akatokea, amemshika mkono bwana mmoja wa suti ya kijivu, mnene wa haja, anayecheka na kila mtu.

"Baba mtu kapendeza," Dada wa Taa akanong'ona. "Haya, twende. Nyuma. Nyuma. Zulia limekunjika hapo, inua mguu."

Hatua ya kumi na mbili mota ikazima. Safari hii haikulia hata. Ilikata roho kimyakimya. Kamera ikataka kuanguka kichwa chini.

Mwingine angeinua mkono, akaomba radhi, akaenda zake kule nyuma kwenye visogo. Yeye akaikamata kwa mikono miwili. Akakunja magoti yote, na lile lenye maneno, akabana pumzi, akaendelea kurudi nyuma kwa nyayo laini, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto.

"Kaka, mgongo unatetemeka."

"Uache utetemeke. Mikono je?"

Akachungulia. "Mikono imetulia."

"Basi wewe nitajie ngazi tu."

Bi harusi alikuwa anacheka kidogo, analia kidogo, anacheka tena. Kinyumenyume aliona yote. Jasho lilimjaa machoni, likashuka mpaka kidevuni, na hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Kaka, taratibu, huu siyo mwendo wako. Unazidi kuwa mzito."

"Bado ngapi?"

"Bado tano. Ngazi hiyo. Moja. Ya pili. Umefika."

Jukwaani. Picha haikuyumba hata unywele. Ukumbi mzima ukapiga makofi, vigelegele vikapaa, na bwana wa suti akajifuta uso kwa leso nyeupe. Kinyumenyume alibaki palepale alipofikia, hatua moja kutoka kwao, kifua kinapanda na kushuka.

Hapo bi harusi akamtazama. Siku nzima alikuwa anaitazama kamera. Sasa akamtazama yeye mwenyewe. Akatabasamu, lile tabasamu la adabu ambalo mtu humpa mgeni.

"Fundi, samahani. Sogea kidogo, unamziba baba."

Kinyumenyume akasogea. Neno hilo, baba, binti huyu alilitamka mara ya kwanza akiwa na miezi kumi, amebebwa kwenye mkono huohuo uliobeba kamera.