Karamu Tumboni mwa Bi Nyumbu

Alikuwapo Bi Nyumbu, mchoyo wa kupindukia, ambaye ghalani kwake panya hakuwahi kuonja hata punje. Ikatokea damu ikampungua, akawa hawezi kupanda kilima bila kuhema. Mganga Kakakuona akampa vidonge vya kuongeza madini ya chuma, ameze kimoja kila siku. Bi Nyumbu akaona anacheleweshwa, akawa anabugia vinne kwa mkupuo.

Haukupita muda tumbo likaanza kunguruma na kuendesha. Akarudi kwa mganga amenuna.

"Umenipa sumu."

"Ulikuwa ukimeza vingapi?"

"Vinne. Nilitaka damu ijae upesi."

Kakakuona akacheka mpaka magamba yakagongana. "Mama, damu huchota chuma kidogo tu. Mabaki hushuka utumboni, na huko wanaishi vijidudu wa kila tabia. Wale wapole wanaokutunzia tumbo hawana haja na chuma. Wale wahuni, hicho ndicho chakula chao. Umewapikia, wamenenepa, wamewasukuma wenzao pembeni."

Bi Nyumbu akalitazama tumbo lake. "Yaani nimelisha wezi?"

"Kwa mkono wako mwenyewe."

Tangu hapo humeza kimoja tu, kisha hulikazia tumbo lake jicho lile lile analomkazia panya.