Pilau Chini ya Kawa

Kompyuta ya Zamda ilikuwa kuukuu, ikinguruma kama mashine ya kusaga. Kutoa picha moja ya harusi ya katuni aliyoichora kuliichukua dakika arobaini. Mbwego, mchoraji mwenzake, alikuwa na kompyuta mpya, na picha ya chumba alichokichora ilitoka kwa dakika mbili.

"Harusi yako nzito mno, mwanangu," alisema Bi Msimu, mwenye studio. "Tuikate."

Zamda alikataa. "Bi Msimu, hapo umepima mashine, hujapima picha. Tuhesabu pembetatu. Kila kitu humu kimejengwa kwa vijipembetatu, na idadi yake haibadiliki hata ukiihamishia picha kwenye kompyuta nyingine."

Wakahesabu. Harusi nzima, ngoma na wageni mia, ilikuwa na laki tatu. Chumba cha Mbwego, chenye mkeka na sinia lililofunikwa kawa basi, kilikuwa na milioni tisa.

"Haiwezekani!" Mbwego aliruka.

Zamda akalivuta kawa pembeni kwenye skrini. Chini yake pilau ilikuwa imejaa, punje kwa punje, na karafuu zake, na iliki zake.

"Lakini nani angeiona?" Bi Msimu aliuliza.

Mbwego aliinamisha kichwa. "Kwetu hatufuniki sinia tupu."

Bi Msimu alicheka mpaka akashika meza. "Harusi inabaki," alisema.

Zamda alikuwa keshalihamisha sinia, pamoja na kawa lake, akalitua katikati ya wageni mia wa harusi. Kompyuta kuukuu ikaanza kunguruma, na wote watatu wakavuta viti kusubiri.