Harufu ya Kitunguu Saumu

Katika mji ule wa bandari, kila mtu aliamini kwamba kitunguu saumu huisahaulisha dira kaskazini. Ndiyo maana kila nahodha aliwakataza mabaharia wake kukila.

Mesia alingoja mumewe, Duarte, aingie chumbani kufunga mizigo ya safari ya kutafuta pilipili manga ng'ambo, kisha akaipaka sindano ya dira yake kitunguu saumu kilichopondwa.

"Mungu wangu, nisamehe," alinong'ona. "Lakini asiende."

Duarte aliporudi, Mesia alimwambia, "Pilipili manga tunayo jikoni, mume wangu."

"Hizo punje za kumpigisha kuku chafya? Nitakuletea magunia! Tena watu wa huko watalijua jina la Mungu."

"Kwani Mungu anakungoja wewe umfikishe?"

Duarte alicheka, akaiinua dira. Sindano ikayumba, ikazunguka, kisha ikatulia palepale pa siku zote, kaskazini. Mesia akafumba macho.

Ndipo Duarte aliposikia harufu. Akaushika mkono wa mkewe, akavinusa vidole. Nje mabaharia walikuwa wakimwita. Alibaki amesimama, mkono mmoja umeshika dira, mwingine umeshika vidole vile, na kila alipovuta pumzi, sindano ilitetemeka.