Herufi Nne

Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya Hizza sauti, kisha mikono, ukamwachia kidole kimoja. Tangu asubuhi kidole hicho kilikuwa kikiandika kwenye simu mwanzo wa neno lile lile: naku.

"Naku nini, Baba Tumu? Malizia basi," mkewe Mwanaisha akamsihi. Kidole kikaanguka shukani.

Mwanaisha alikuwa fundi wa programu. Alikuwa na kamusi tatu zenye maneno yale yale, kila moja ameibana kwa njia yake ili ienee kwenye simu ile na kumkamilishia mumewe maneno. Ya kwanza ilikuwa nzito, simu ikaganda. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini ilipoleta maneno, kidole kilikuwa kimeshalala. Kwenye vipimo vya kompyuta ucheleweshaji huo haukufika hata kufumba na kufumbua. Kompyuta haikijui kidole cha Hizza.

"Ya Rabi, imebaki moja," akasema, akaiweka ya tatu.

Hizza akavuta pumzi. N, A, K, U. Papo hapo maneno yakamiminika, yote yamechipua kwenye herufi zile nne: nakuacha, nakuaga, nakuamini, nakuchukia, nakuomba, nakupenda.

"Imekubali! Chagua, mume wangu. Chagua lolote!"

Kidole kikaanza kuteremka, neno baada ya neno. Kikapita nakuaga. Kikasita, kisha kikaanza kurudi juu kwenye neno hilo.

Mwanaisha akakifunika kioo kwa kiganja.