Ngozi ya Kuazima

"Usikohoe hata kidogo," Shangazi alimnong'oneza jirani yake, fundi baiskeli.

Bandani, mbuzi wa Shangazi aliyefiwa na mwanawe alikuwa anakisogelea kitoto yatima cha mbuzi kilicholetwa na fundi. Walikuwa wamekivisha ngozi ya kile kitoto chake kilichokufa, wakaifunga kwa kamba tumboni, ili mama adanganyike na harufu.

Mbuzi alinusa ngozi kuanzia mkiani hadi shingoni, taratibu, kama mtu anayepapasa nguo ya mwanawe. Shangazi alibana pumzi.

Ghafla mbuzi akaing'ata kamba, akaivuta mpaka fundo likaachia. Ngozi ikadondoka kwenye majani makavu.

"Tumeumbuka, Shangazi! Atakipiga pembe!" Fundi alikwishanyoosha mikono akinyakue.

"Hebu ngoja."

Kitoto kilisimama kikitetemeka, kikiwa na harufu yake chenyewe. Mbuzi akakitumbulia macho. Kisha akaanza kukilamba, masikio, mgongo, kila palipokuwa pamefunikwa, akatanua miguu ya nyuma ili kinyonye.

Fundi akavua kofia bila kujua.

Polepole, Shangazi akainama aiokote ile ngozi. Mbuzi akaikanyaga kwa ukwato mmoja, akaendelea kunyonyesha.