Ukoo wa Mzee Wino

Golikipa naye alimkatalia yule fundi cherehani. Hakufoka wala hakumfukuza. Alisimama kwenye geti la uwanja wa mazoezi, glavu mkononi, akatikisa kichwa.

"Dada yangu, umepotea njia. Mimi sina ukoo. Muulize yeyote."

"Kwani hili jina umeliokota?"

Golikipa akacheka kidogo, lakini hakufurahi. "Ningejua nilikolitoa ningekwambia," alisema, akarudi golini.

Fundi alibaki hapo getini na hasira zake. Jana yake mtangazaji wa habari alimtumia katibu wake tu: "Bosi wangu anasema hana ndugu." Hana ndugu! Watu wakishaonekana kwenye televisheni ndugu wanakuwa takataka, eti.

Na si kwamba alikuwa akiomba makubwa. Baba yake, Mzee Wino kwa mtaa mzima, karani mstaafu wa ofisi ya vizazi hospitalini, figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mkewe alishatangulia zamani. Alikuwa amelala wodini, amevimba miguu, na bado anawatania wauguzi kwamba mwandiko wao ni wa kuku. Siku hazikuwa nyingi.

Fundi alikuwa wa kwanza kujitolea. Daktari alizisoma karatasi za vipimo, akamtazama, akazisoma tena.

"Haziendani," alisema. "Haziendani kabisa. Mzee ana ndugu wengine wa damu? Wa damu hasa, maana sheria hairuhusu figo ya mtu baki."

Hapo ndipo alipoikumbuka hazina ya baba yake. Jina lao la ukoo lilikuwa adimu. Walimu walilikosea, benki walimrudishia fomu mara tatu. Nchi nzima aliwajua watu watatu tu waliolibeba, na wote wenye majina makubwa: jaji, golikipa na mtangazaji. Mzee alikata picha zao magazetini akazibandika kwenye daftari gumu, kwa gundi na rula, miaka nenda miaka rudi. Ukimuuliza ni akina nani kwake, anajibu, "Wetu hao." Ukimwambia basi twende tukawasalimie, anakuwa mkali kama pilipili.

"Waache watoto wa watu na maisha yao!"

Safari hii hakumsikiliza. Mfa maji haachi kutapatapa, na aliyekuwa akizama hapa ni baba yake, baba aliyemsuka nywele mwenyewe mama alipofariki, akamsuka vibaya hadi shule nzima ikacheka.

Amebaki jaji.

Alimsubiri kwenye korido ya mahakama tangu asubuhi, karani wa mahakama akimwambia kila saa kwamba Mheshimiwa ana shughuli. Saa nane mlango ukafunguliwa. Jaji alikuwa mzee kuliko picha zake, amevua joho, anakula ndizi mezani kama mtu yeyote.

Fundi alikuwa ameandaa maneno mazuri. Yote yakamtoka. Akaweka picha ya baba yake mezani, akaanza kulia.

Jaji aliitazama ile picha, akaacha kutafuna.

"Mzee Wino," alisema polepole. "Anaumwa?"

"Unamjua?" Fundi alifuta machozi kwa kiganja. "Basi ni kweli sisi ni ndugu! Mheshimiwa, anahitaji figo. Nakuomba, upimwe tu. Damu ni nzito kuliko maji."

"Figo ningempa leo hii. Lakini mimi si damu yake, dada. Na ile sheria ya ndugu wa damu, kesi yake ilikuja mbele yangu. Niliamua mimi mwenyewe ibaki."

"Kwa jina hili? Utakosaje kuwa damu yake?"

Jaji alivuta kiti akakaa karibu naye. Alimweleza kwamba alipoteuliwa tu alikwenda kuutafuta ukoo wake, akafunguliwa rejista za zamani za hospitali. Watoto walikuwa wakitupwa pale, ngazini, chooni, kwenye mabenchi. Bila jina la ukoo mtoto hakuruhusiwa kupelekwa kwenye kituo cha yatima. Makarani wengine waliwaandika Jumanne, au Januari, au jina la mtaa walikookotwa. Karani mmoja tu aliwaandika jina lake mwenyewe.

"Arobaini na mmoja," alisema jaji. "Mimi, yule golikipa, yule mtangazaji, na wengine ambao hawatoki magazetini. Nilimwendea nikampigia magoti. Akaniapisha nisiwaambie wenzangu, wasije wakajiona wa kuhurumiwa. Nami nikanyamaza."

Fundi aliivuta picha ya baba yake karibu. Kwa hiyo hakukuwa na ukoo. Hakukuwa na shangazi, wala binamu, wala yeyote wa kumwendea kesho. Alizunguka mji mzima akiwalaani watu ambao hawakuwa na kosa lolote.

"Basi nimebaki mimi," alisema. "Damu yake ni mimi peke yangu, na mimi nimeshapimwa, nimekataliwa."

Jaji alimshika mkono, taratibu, kama mtu anayemfariji mwenzake kwa msiba wanaoujua wote wawili.

"Usijilaumu, dada. Niliposoma ukurasa wako kwenye ile rejista nilikuonea wivu hadi nikalia. Sisi arobaini alitupa jina akatukabidhi kituoni; wewe tu ndiwe aliyekufunga kwenye koti lake akaenda nawe nyumbani."